Waya Nao Ni Breki: Umeme wa Matela katika Barabara za Handeni na Korogwe

Gari linalovuta tela lina dereva mmoja lakini lina miili miwili, na usalama wake unategemea kama amri inayotolewa na mguu wa dereva kule mbele inaufikia mwili wa nyuma kwa wakati na kwa nguvu kamili. Amri hiyo husafiri kwa chuma, kwa upepo au kwa umeme, na kila mara hulazimika kuvuka mahali palepale penye udhaifu, yaani maungio yaliyo kati ya kinachovuta na kinachovutwa. Wenye magari huwa wepesi wa kukagua matairi, viatu vya breki na mipira ya upepo, kwa kuwa vitu hivyo huonekana vikichakaa. Nyaya za umeme, ambazo hupita chini ya chesisi zikiwa zimefunikwa na tope na grisi, huachwa mpaka taa zizimike. Makala haya yanaeleza kwa nini nyaya hizo zihesabiwe kuwa sehemu ya breki yenyewe, na namna zinavyoweza kuboreshwa kwa vifaa ambavyo fundi wa kawaida anaweza kuvipata na kuvifunga.

Mizigo na njia zake

Wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, zimekaa mahali ambapo mizigo mizito haina budi kupita. Barabara kuu itokayo Chalinze hupitia Mkata, Kabuku na Michungwani hadi Segera, na hapo hugawanyika: tawi moja huelekea Tanga kupitia Hale na Muheza, na jingine huelekea Korogwe, Mombo na Same hadi Moshi na Arusha. Barabara ya lami ya takriban kilomita 65 huunganisha Korogwe na mji wa Handeni, na nyingine ya takriban kilomita 54 hutoka Handeni hadi Mkata. Maeneo ya ndani, Kwaluguru ikiwamo, hutegemea njia za udongo ambazo wakati wa kiangazi hutoa vumbi jekundu linaloingia kila penye tundu, na wakati wa masika hugeuka tope linaloganda chini ya gari na kukaa na unyevu kwa siku nyingi.

Katika njia hizo hukutana matela ya aina mbili zilizo mbali sana kwa ukubwa. Ya kwanza ni tela la lori la masafa marefu, ambalo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 linaweza, pamoja na kichwa chake na mzigo, kufikia tani 56 iwapo ekseli zake zinatosha. Ya pili ni tela la trekta, linalobeba mahindi, kuni, maji, matofali na, zaidi ya yote, majani ya mkonge. Zao hilo lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, likaenea katika bonde la Pangani, na hadi leo mashamba ya Magunga, Ngombezi, Mwelya na Hale yanajulikana kwalo.

Mkonge una sifa inayoufanya usafiri wake kuwa kazi nzito kuliko thamani ya bidhaa inavyoonyesha. Nyuzi zinazopatikana ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi, kwa hiyo ili kupata tani 1 ya nyuzi hizo ni lazima kusomba tani zipatazo 25 za majani kutoka shambani hadi korona, yaani kiwanda cha kuchambulia, na kusomba huko hakuwezi kusubiri kwa sababu jani lililokatwa likikauka huchambuka vibaya. Zamani mashamba mengi yalitumia vitoroli vilivyopita juu ya reli ndogo. Baadaye kazi hiyo ikahamia kwa trekta na tela, na trekta hilo, tofauti na kitoroli, linaweza kutoka shambani na kuingia katika barabara kuu, mahali ambapo lori linaruhusiwa kwenda kilomita 80 kwa saa. Gari lenye mwendo huo hupita mita 22 katika kila sekunde moja, na dereva anayekuja nyuma ya tela lisilo na taa ya breki hana dalili yoyote ya kumwambia kwamba kilicho mbele yake kimeanza kusimama.

Njia tatu za kufikisha amri nyuma

Tela linaweza kufungwa breki kwa njia tatu kuu, na tofauti iliyo kati yake ndiyo inayoamua umeme una kazi kubwa kiasi gani. Njia ya kwanza ni breki ya msukumano, ambayo hutumika katika matela madogo: gari la mbele likipunguza mwendo, tela huendelea kulisukuma, na msukumo huo huingiza fimbo iliyo katika shingo ya tela, nayo huvuta kebo za breki. Njia hii haihitaji umeme wala upepo, lakini haiwezi kufanya kazi vizuri kwa mzigo mkubwa, na haitofautishi sana kati ya dereva anayefunga breki na dereva anayerudi nyuma mlimani.

Njia ya pili ni breki za upepo, ambazo ndizo zinazotumika katika malori yote makubwa yapitayo Segera. George Westinghouse wa Marekani alipata hataza ya breki ya upepo ya treni mwaka 1869, na mwaka 1872 akaiboresha kwa wazo ambalo limeokoa maisha ya watu wengi kuliko uvumbuzi wenyewe wa mwanzo: upepo usitumike kuamuru breki zishike tu, bali kukosekana kwake pia kuwe ni amri ya kushika. Katika tela la leo, mpira mwekundu huleta upepo wa akiba na mpira wa njano huleta amri ya mguu wa dereva. Mpira mwekundu ukikatika au tela likichomoka, breki za tela hujifunga zenyewe bila kusubiri mtu.

Njia ya tatu ni breki za umeme halisi, ambazo zilienezwa Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 kutokana na kazi ya Arthur Warner wa Beloit, Wisconsin, na ambazo sasa ni za kawaida Marekani na Australia katika matela ya farasi, ya boti, ya mashine na ya kulala wasafiri. Afrika Mashariki huziona mara chache, hasa katika matela yaliyoagizwa kutoka nchi hizo. Hata hivyo zinafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndani yake umeme umebeba mzigo wote peke yake, na kila kosa la waya linalojificha katika tela la upepo hujitokeza wazi katika tela la umeme.

Jinsi sumaku inavyosimamisha gurudumu

Ndani ya dramu ya breki ya umeme kuna sumakuumeme, yaani kipande cha chuma kilichozungushiwa waya mwingi ambacho huwa sumaku pale tu mkondo wa umeme unapopita ndani yake. Dereva akikanyaga breki, kifaa kidogo kilichofungwa karibu na usukani hupima nguvu ya kusimama na kupeleka nyuma umeme wa kiasi kinacholingana. Sumaku huvutwa na kung'ang'ania uso wa dramu inayozunguka, dramu huiburuta kidogo, na mburuto huo hugeuza mkono wa chuma unaotanua viatu vya breki mpaka vikabane dramu. Kwa maneno mengine, umeme wenyewe haufungi breki, bali huliamuru gurudumu litumie nguvu ya mzunguko wake kujisimamisha, na ndiyo maana sumaku ya ampia 3 hivi inaweza kuzuia gurudumu lililobeba zaidi ya nusu tani.

Ubora huo una upande wake wa pili. Sumaku ikipata umeme pungufu, haizimiki kabisa wala haitoi ishara. Hushika kwa ulegevu, na dereva huuona ulegevu huo siku ya mteremko tu. Zaidi ya hayo, breki ya umeme ni kinyume cha wazo la Westinghouse, kwa kuwa waya ukikatika breki hazipo. Kwa sababu hiyo sheria za majimbo mengi ya Marekani hudai tela la namna hiyo liwe na betri yake ndogo na swichi yenye pini iliyofungwa kwa kamba ya chuma kwenye gari la mbele: tela likichomoka, kamba huing'oa pini, na betri hiyo huziwasha sumaku na kuzishikilia kwa muda usiopungua dakika 15. Tela la umeme lililonunuliwa likiwa limetumika, ambalo betri yake imekufa au imeondolewa, limepoteza kinga yake ya mwisho hata kama breki zake za kawaida zinafanya kazi.

Hesabu ya unene wa waya

Kila waya huzuia umeme kwa kiasi fulani, na kizuizi hicho, ambacho wataalamu hukiita ukinzani na kukipima kwa omu, huongezeka kadiri waya unavyokuwa mrefu na mwembamba. Katika nyumba yenye volti 230 upotevu wa volti 2 njiani hautambuliki, lakini katika gari la volti 12 kiasi hichohicho ni sehemu ya sita ya nguvu yote iliyopo. Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Tela la ekseli mbili lina sumaku nne, na kila moja ikiwa na ukinzani wa omu 4, zote zikifungwa sambamba huwa na ukinzani wa omu 1, hivyo betri ya volti 12 iliyounganishwa nazo bila kizuizi ingesukuma ampia 12. Umbali kutoka betri hadi sumaku ukiwa mita 10, umeme husafiri mita 20, maana ni lazima uende na urudi.

Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1.5, ambao ni wa kawaida kwa taa, una ukinzani wa takriban omu 0.24 katika mita hizo 20, na matokeo yake ni kwamba sumaku hupokea volti 9.7 tu badala ya 12. Waya wa milimita mraba 2.5 huzifikishia volti 10.5, na wa milimita mraba 6 huzifikishia volti 11.3. Tofauti ya volti 1.6 kati ya waya mwembamba na mnene ni tofauti ya mita kadhaa za kusimama kwa tela lililojaa, na hainunuliwi kwa kubadilisha viatu vya breki wala kwa kuongeza kifaa cha kisasa kule mbele. Hapa ndipo hesabu inapofundisha jambo la pili lililo muhimu zaidi: kiungo kimoja kilichoota kutu, chenye ukinzani wa nusu omu, kikiwekwa katikati ya ule waya mnene wa milimita mraba 6, hushusha volti za sumaku hadi 7.7, yaani chini kuliko waya mwembamba usio na kutu. Kununua waya mnene na kuuunga ovyo ni sawa na kutonunua.

Ipo pia hila ya sokoni inayostahili kutajwa. Baadhi ya nyaya za bei nafuu zina kiini cha aluminiamu kilichopakwa shaba juu, na zinapotazamwa kwenye duka hazitofautiani na za shaba tupu. Ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba kwa unene uleule, na zikikunjwa mara nyingi hukatika ndani ya ganda bila dalili ya nje. Mnunuzi anaweza kuukwaruza uzi mmoja kwa kisu: shaba halisi hubaki nyekundu hadi ndani, ilhali ya kupaka huonyesha weupe.

Athi, njia ya kurudi inayosahauliwa

Umeme haufanyi kazi mpaka urudi ulikotoka, na njia hiyo ya kurudi kwenye ncha hasi ya betri ndiyo mafundi wa magari huiita athi. Katika gari dogo chesisi yenyewe hutumika kuwa athi, na mazoea hayo yamehamishiwa katika matela bila kufikiriwa, ingawa tela halijaungwa na gari la mbele kwa kulehemewa, bali kwa ndoano au kwa sahani iliyopakwa grisi. Waya wa athi ukikatika ndani ya plagi, umeme hujaribu kurudi kupitia pini ya kuvutia au minyororo, na kila mara tela linaporuka shimoni mguso huo hupotea kwa nukta chache.

Dalili ya athi mbovu hutambulika kwa urahisi na mtu aliyefundishwa kuiona, lakini mara nyingi husomwa vibaya. Dereva akikanyaga breki, taa ya breki huwaka kwa unyonge, na wakati huohuo indiketa na taa ndogo za nyuma huanza kung'aa zenyewe. Akiwasha indiketa ya kushoto, ya kulia nayo hupepesa. Fundi asiye makini hubadilisha balbu na kisha swichi, ilhali kilichotokea ni kwamba umeme, ukiwa umekosa njia yake ya kurudi, umepita kinyume ndani ya nyuzi za balbu nyingine ili uifikie athi kwa mlango wa nyuma. Balbu ya kawaida ikipoteza asilimia 10 ya volti zake hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga, hivyo hata athi ambayo haijakatika kabisa inatosha kuifanya taa ya breki isionekane katika jua la mchana.

Kwa nini tela la upepo linahitaji umeme

Msomaji anaweza kudhani kwamba tela lenye breki za upepo limeepukana na mambo haya, kwa kuwa amri yake hupita katika mpira wa njano. Dhana hiyo ilikuwa na ukweli mpaka mwaka 1981, wakati mifumo ya kuzuia magurudumu kujifunga, inayojulikana kwa herufi ABS, ilipoanza kuuzwa katika malori ya Ulaya. Mfumo huo hupima kasi ya kila gurudumu kwa kihisio, na gurudumu likikaribia kusimama ilhali gari bado linakwenda, kompyuta ndogo huachia upepo kidogo na kuubana tena mara nyingi kwa sekunde, ili tairi liendelee kuzunguka na kushika njia badala ya kuteleza. Katika mfumo wa baadaye zaidi, ambao herufi zake ni EBS, amri yenyewe ya breki hupelekwa nyuma kwa umeme, na upepo hubaki kuwa nguvu ya kubana na kinga ya dharura.

Matela mengi yaliyotumika Ulaya huja Tanzania yakiwa na mifumo hiyo, lakini kichwa kinachoyavuta huweza kuwa hakina soketi yake, au kebo imekatika na haikununuliwa nyingine. Tela kama hilo bado husimama kwa upepo, na ndiyo sababu upungufu wake hauonekani katika matumizi ya kila siku. Kinachopotea ni akili ya kupima. Tela la EBS lisilo na umeme halijui tena kama limebeba tani 28 au liko tupu, hivyo hupeleka upepo uleule kwa hali zote mbili. Likiwa tupu na barabara ikiwa na utelezi, magurudumu yake hujifunga, na tela huanza kufyatuka upande na kuifagia njia ya magari yanayokuja. Watengenezaji waliliona tatizo hilo, na katika mifumo mingi waliruhusu kompyuta ya tela kujipatia umeme kidogo kupitia waya wa taa ya breki iwapo kebo yake kuu haipo. Hapo ndipo waya unaodhaniwa kuwa wa taa tu unapogeuka kuwa waya wa breki kwa maana kamili, na athi mbovu ya taa inapoweza kuuzima mfumo mzima wa usalama.

Tatizo jingine liko katika plagi zenyewe. Plagi ya pini saba ya magari ya volti 12 na ile ya malori ya volti 24 hufanana kwa umbo na kwa rangi za nyaya, lakini mpangilio wa pini haufanani: katika plagi ya kimataifa ya volti 12 waya mweupe wa athi uko kwenye pini namba 3, na katika ile ya volti 24 uko kwenye pini namba 1. Fundi anayehamisha tela kutoka gari moja kwenda jingine kwa kufuata kumbukumbu ya namba huweza kuifanya athi kuwa indiketa, na indiketa kuwa athi. Mfumo wa ABS una plagi yake ya pekee, yenye nyaya mbili nene kuliko nyingine kwa ajili ya umeme mkuu na athi yake, na kuzibadilisha hizo kwa waya wa taa ni kuutia mfumo njaa.

Maadui wa waya

Nyaya za matela katika eneo hili huharibiwa na mambo manne yanayosaidiana. La kwanza ni mtikisiko, ambao huikata shaba mahali inapokunjwa mara kwa mara, hasa nyuma ya plagi na karibu na ekseli. Waya wa nyumbani wenye kiini kimoja kigumu, ambao hutumiwa na baadhi ya mafundi kwa sababu ya urahisi wake, huvunjika upesi kuliko ule wa nyuzi nyingi nyembamba. La pili ni maji, ambayo huingia ndani ya ganda kupitia kiungo kisichozibwa na kusafiri kando ya nyuzi, yakiacha unga wa kijani mita nzima kutoka pale yalipoingilia. La tatu ni utomvu wa mkonge, ambao una asidi na hudondoka mfululizo kutoka katika majani mabichi juu ya plagi, taa na bolti za athi. La nne ni mkono wa binadamu: waya uliosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu huwaka siku hiyo, tepu hulegea kwa joto la mchana, na baada ya masika moja kiungo hicho huwa ndicho kizuizi kikubwa kuliko vyote katika njia nzima.

Namna ya kuboresha

Uboreshaji unaofaa huanza na kanuni kwamba kila taa na kila sumaku ipate waya wake wa athi unaorudi hadi kwenye plagi, wala isitegemee bolti, springi wala chesisi. Njia kuu za umeme na za athi ziwe za shaba yenye nyuzi nyingi, na unene wake uchaguliwe kwa hesabu ya urefu na mkondo, si kwa mazoea. Kwa sumaku nne, milimita mraba 6 kwa njia kuu ni chaguo la busara, na matawi ya kwenda kwenye kila gurudumu yaweza kuwa ya milimita mraba 2.5. Fyuzi iwekwe karibu na betri, ili waya ukichubuka na kugusa chuma, ikatike fyuzi badala ya kuungua gari.

Viungo vipunguzwe kadiri inavyowezekana, na vile visivyoepukika vikusanywe ndani ya kisanduku kimoja chenye mfuniko usiopitisha maji, kilichofungwa mbele ya tela juu ya usawa wa tope, mahali ambapo fundi anaweza kukifungua bila kulala chini ya gari. Kiungo kizuri ni kile kinachobanwa kwa koleo maalumu ndani ya bomba dogo la shaba lililopakwa bati, kisha kikafunikwa kwa mpira unaonywea kwa joto na wenye gundi ndani yake. Kulehemu kwa risasi peke yake hakupendekezwi mahali penye mtikisiko, kwa kuwa risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ziwe ngumu, na waya hukatika pale ugumu unapokutana na ulaini.

Waya wote upite ndani ya bomba laini la plastiki na ufungwe kwenye chesisi kila baada ya sentimita 30 hivi. Unapopenya chuma, tundu liwekewe mpira wa kuzuia kuchubuka. Waya unaovuka kutoka chesisi kwenda kwenye ekseli upewe kitanzi cha kutosha kufuata mchezo wa springi, na kebo ya mbele iwe na urefu wa kuruhusu kona kali bila kukaza, lakini isilegee hadi kuburuta barabarani. Plagi isiyotumika isiachwe ikining'inia; ifungwe kwenye soketi bandia yenye mfuniko, na pini zake zipakwe grisi nyepesi ya kuzuia unyevu. Katika matela yanayobeba mkonge, kuosha plagi na taa kwa maji safi mwisho wa kazi huondoa utomvu kabla haujala shaba.

Kubadilisha balbu za kawaida kwa taa za LED kuna faida mbili zinazohusu breki moja kwa moja. Taa hizo hutumia sehemu ndogo tu ya mkondo wa balbu, hivyo upotevu njiani hupungua sana. Na huwaka mara moja, ilhali uzi wa balbu huhitaji karibu sehemu ya tano ya sekunde ili upate moto kamili. Kwa gari linalokuja nyuma kwa kilomita 80 kwa saa, muda huo ni zaidi ya mita 4. Kwa trekta lenye tela lisilo na umeme wowote, hatua ya kwanza ni ndogo zaidi na haina visingizio: soketi ya pini saba nyuma ya trekta, waya mmoja wa nyuzi nyingi, taa mbili za LED zenye mwanga wa breki na indiketa, na viakisi mwanga vinavyoonekana hata umeme ukikatika.

Kupima badala ya kukisia

Kipimo kinachofichua mengi zaidi hakihitaji kifaa cha gharama kubwa, bali mita ya umeme ya mkononi na watu wawili. Utingo hukanyaga breki, na fundi hugusisha ncha moja ya mita kwenye ncha hasi ya betri na nyingine kwenye athi ya taa au ya sumaku kule nyuma, akitumia waya mrefu wa nyongeza. Mita ikisoma volti 0.1 au 0.2, njia ya kurudi ni nzima. Ikizidi nusu volti, kuna kiungo kinachoiba nguvu, na fundi husogeza ncha ya nyuma kuelekea mbele, kiungo kwa kiungo, mpaka kipimo kishuke ghafla, na hapo ndipo penye ugonjwa. Kipimo hicho lazima kifanywe breki zikiwa zimekanyagwa, kwa sababu kizuizi hakipotezi volti mpaka mkondo upite ndani yake. Waya uliobakiwa na uzi mmoja tu huonyesha volti 12 kamili ukipimwa bila mzigo.

Kwa tela la breki za umeme, mita ya ampia ikiwekwa katikati ya waya wa breki hutoa jibu la moja kwa moja. Sumaku nne zinapaswa kusoma karibu ampia 12 betri ikiwa imejaa. Ampia 9 huweza kumaanisha kwamba sumaku moja haipati umeme kabisa au kwamba njia nzima imechoka, na namba inayopanda sana kupita kawaida humaanisha kwamba waya umechubuka na kugusa chuma. Namba hizo ziandikwe katika daftari la gari pamoja na mchoro wa nyaya na rangi zake, ili fundi wa mwakani asilazimike kuanza kwa kukisia.

Mambo haya yote yanaingia katika wajibu uliopo tayari. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka mwenye gari asiliingize barabarani likiwa bovu, mafunzo ya umeme wa magari yanatolewa katika vyuo vya ufundi stadi vya VETA, na askari wa barabarani hukagua taa. Pengo lililobaki liko katika ukaguzi wenyewe, ambao mara nyingi huishia kwa kutazama kama taa inawaka tela likiwa limesimama uani. Taa inayowaka uani imethibitisha kwamba umeme umefika siku hiyo, mahali hapo, bila mtikisiko. Haijathibitisha kwamba utafika kwa nguvu ileile tela likiwa limejaa katika barabara mbovu. Mashamba ya mkonge, vyama vya wakulima na wamiliki wa malori wa Korogwe na Handeni wanaweza kuliziba pengo hilo kwa kuingiza kipimo cha athi katika orodha ya matengenezo ya kila mwezi, sawa na upepo wa matairi na viatu vya breki, na kwa kukataa kulipokea tela kutoka gereji mpaka namba ya mita iwe imeandikwa.